Mwenye Kutoa Aonje Kwanza

Bhoke, diwani mpya wa kata yetu, alikuja nyumbani wiki ile ile aliyoapishwa, akaniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi hiyo, ili yeye na vijana wenzake walioingia barazani wapate kusoma. Alikuja na soda mbili. Akafungua yangu, akanywa kidogo, kisha akanikabidhi. Nikajua huyu amelelewa na watu. Hata hivyo niliendelea kujiuliza anataka nini hasa, kwa sababu aliyeshinda uchaguzi haji kumtafuta mstaafu bila sababu. Mimi niliishia darasa la saba na naandika polepole, mstari asubuhi ng'ombe wakitoka na mstari jioni wakirudi. Mambo ya vipindi nilivyoshinda na kamati nilizowekwa nitayaruka. Yapo ofisini, na hayamfundishi mtu kitu.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kwanza jambo la soda. Huku kwetu anayekupa kitu cha kunywa hukionja mbele yako kabla hujakipokea. Maana yake ni kwamba kama kuna kitu humu ndani, kinianze mimi. Hakuna anayekasirika kuonjewa, tunakasirika tusipoonjewa. Wa rika moja tu, waliotahiriwa msimu mmoja, ndio hawaonjeani. Hao wananyang'anyana kibuyu kimoja kama watoto. Ukimwonjea mwenzako wa rika umemtoa ndani, umempanga pamoja na wageni.

Nilikuwa kijana wa aibu. Kwenye ritongo, mkutano wetu wa hadhara ambapo kila mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe anasema lake, mimi nilikaa nyuma karibu na ua wa miiba na sikusema. Diwani wa zamani alipokufa, watu walitafuta mtu na kila msemaji aliyetajwa alipatikana na doa. Ndipo Matiko, mwenzangu wa rika na jirani yangu, aliposimama akanitaja mimi. Aliwaambia kwamba anayesema kidogo hudanganya kidogo. Watu wakacheka, wakanipitisha. Nilitaka kukataa, lakini kukataa nako kulihitaji hotuba.

Sheria ya nchi hairuhusu mtu kugombea bila chama. Mimi sikuwa nacho na sikukitaka, kwa sababu niliona walio na vyama wakishika msimamo asubuhi na kupigiwa simu mchana. Matiko akanitafutia chama kimoja kidogo ambacho katibu wake alitaka tu jina la kujaza. Alinipa kadi, na baada ya hapo nilimwona mara moja, alipokuja kuomba mbuzi. Kwa hiyo barazani chama changu kilikuwa na mtu mmoja. Vikao vya chama nilivifanya juu ya baiskeli, na haikutokea siku akidi isitimie.

Siku ya kwanza nilivalishwa joho lililokuwa la marehemu. Yeye alikuwa mrefu, mimi ni mfupi, nikaingia ukumbini nimelishika kwa mkono mmoja kama mama anayevuka mto. Ukumbi wetu una madirisha upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili. Chama kikubwa kilikaa kwenye madirisha na wapinzani wao ukutani. Nitawaita hivyo, watu wa madirisha na watu wa ukuta, sina haja ya ugomvi uzeeni. Mimi sikuwa na upande, nikawekewa kiti kwenye nguzo ya katikati. Nilikaa hapo hadi nilipostaafu. Wengine walihama kutoka ukutani kwenda madirishani na wengine wakarudi. Nguzo haikuhama. Watu wa madirisha waliamini ninatumwa na ukuta, watu wa ukuta walikuwa tayari kuapa kwamba nalishwa na madirisha. Nilijifariji kwamba mtu akishukiwa na pande zote mbili kwa kipimo kimoja, huenda amekaa mahali panapofaa.

Siku hiyo ya kwanza ilikuja chai, na pamoja nayo supu ya nyama, kabla hata hatujapewa kabrasha. Nilisubiri mtu aonje. Hakuna aliyeonja. Wenzangu walikunywa tu. Mimi nikaiacha ya kwangu ikapoa. Mhudumu wa ukumbi alikuwa Mwikoma mmoja mzee, jina lake Sabai, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Alipokuja kukusanya vyombo aliona bakuli langu limejaa. Akainama, akachukua kijiko changu, akaonja supu hiyo ya baridi, akakirudisha.

"Haina kitu," akasema. "Lakini umefanya vizuri. Supu ikija kabla ya kabrasha, kabrasha lisome mara mbili."

Huyo ndiye mwalimu wangu, na hilo ndilo somo lote. Kwa miaka mingi nililihakiki. Siku za ajenda nyepesi tulipewa chai na kipande cha mkate. Ukiona chapati, kuna jambo. Ukiona supu, kaa macho. Niliamua kutembea na viazi vyangu vya kuchemsha mfukoni, nikavila nje kwenye ngazi. Wakaniita Diwani wa Viazi. Sikujali sana, jina hilo lilikuwa fupi kuliko yale niliyoitwa baadaye.

Zana zangu zilikuwa miwani, kidole na nguzo. Miwani niliinunua mnadani na haikupimwa na mtu. Kidole ni kwa sababu nasoma kwa kuweka kidole chini ya neno, na nikikiondoa napotea. Mwenyekiti wa baraza wakati huo alikuwa mwalimu mstaafu mwenye haraka. Alipenda kuuliza kama tumepitia, wote waseme tumepitia, na makabrasha yenyewe yana joto bado la mashine. Mimi nilikuwa nanyoosha mkono kusema sijamaliza.

"Mheshimiwa wa Nguzo, umefika wapi?"

"Nimefika kwenye koma, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Ukumbi ulicheka, lakini walinisubiri, kwa kuwa kanuni ilinipa haki hiyo. Na nguzo ilinisaidia kusimama. Kila nilipotaka kusema niliishika kwa mkono wa kushoto nikasema sentensi yangu moja. Rangi ya nguzo imechubuka mahali pale. Bhoke akitaka anaweza kwenda kupaona.

Msidhani kwamba nawafundisha kushuku kila mtu. Tulishuku hata pale pasipo na kitu. Mwaka mmoja walikuja vijana wachimbaji, wengi wao kutoka Shinyanga na Geita, wakipita kwenda machimbo ya upande wa Tarime, wakaomba kupiga kambi kwenye kata yetu. Wiki hiyo zizi moja lilivunjwa. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili bila kuyapima. Nikaitisha ritongo ili vijana hao waonekane kwa macho. Mkubwa wao, Msukuma mpole, akataka kuonyesha heshima. Akanunua kreti za bia, akazifungua zote, na kuzigawa kwa wazee huku zinatoa povu. Hakuonja hata moja. Wazee walizishika chupa wakazitazama, kisha mmoja baada ya mwingine akaiweka chini. Nyuma nikasikia rungu likiokotwa. Nilimwendea nikamwambia kwa sauti ya chini anywe. Akasema bia zile ni za wazee. Nikamwambia anywe, kidogo kidogo, kutoka kila chupa. Alizunguka mkutano mzima akionja. Alipofika mwisho hakuweza kusimama vizuri, na wazee walikuwa wamempenda. Ng'ombe wa zizi lile walipatikana baadaye upande mwingine kabisa, kwa watu tunaowajua.

Sasa nifike kwenye lambo, maana najua Bhoke ndilo alilolijia, ingawa aliongea juu ya soda na mvua.

Kata yetu ina lambo moja, chini ya vilima. Ng'ombe wetu wanakunywa hapo, na wa majirani wa kutoka upande wa Busawe wakati wa kiangazi, na wanawake wanachota sehemu ya juu. Hakuna anayekumbuka kijiji kabla ya lambo hilo. Kampuni moja ya kambi za watalii ikalipenda. Ikaiomba halmashauri itunge sheria ndogo ya kulifunga kwa mifugo na watu, kwa ajili ya wanyamapori na wageni wa kuwatazama. Badala yake kampuni ingetupa kisima kirefu chenye pampu na birika la kunyweshea, ng'ambo ya vilima. Kisima chenyewe walikwisha kukichimba, kwa hiyo hawakuwa wakiahidi hewa.

Wakati huo barazani madirisha na ukuta walikuwa sawa kwa sawa. Madirisha walitaka sheria ipite. Ukuta hawakuitaka, sidhani kwa sababu ya ng'ombe wetu, ila kwa sababu madirisha waliitaka. Iliyobaki ni kura ya nguzo. Na nisingeweza kunyamaza, kwa kuwa pande zikilingana mwenyekiti ndiye hukata, na mwenyekiti alikaa madirishani.

Nikaanza kupata wageni. Watu wa madirisha walikuja kwa gari kubwa la kampuni, wamebeba sukari na kanga ya mke wangu. Mke wangu, Mama Robi, hakuigusa kanga. Sukari aliichukua, akapika chai kwa sukari hiyo hiyo, akaimimina, na kuwapa wao kwanza. Wakanywa wote wakimtazama. Ndipo akanipa mimi. Walisema maneno mengi ya maendeleo. Nikawaambia bado sijamaliza kusoma. Kesho yake watu wa ukuta walikuja kwa pikipiki, mikono mitupu, wakaniambia mzee, wewe ni wetu tangu zamani. Nikawaambia hao pia kwamba bado sijamaliza kusoma. Nao waliondoka wakiamini gari la jana limenimaliza.

Matiko aliliona gari likitoka kwangu. Vibaya zaidi, mwezi ule nilikuwa naezeka nyumba kwa bati jipya, kwa ng'ombe wa mahari ya binti yangu. Matiko mwenyewe aliwapokea ng'ombe wale zizini akawahesabu. Lakini bati linang'aa kuliko mahari, na watu wa njiani wanaona bati tu. Jioni akaja, akakaa kwenye kigogo chetu cha siku zote.

"Mura, umekunywa nao?" akauliza. Mura ndilo neno tunaloitana wanaume wa rika.

Ningeweza kusema hapana. Nikamjibu kwamba nimekunywa chai yangu, sukari yao.

"Kwa hiyo umekunywa nao."

"Nimekunywa na Mama Robi. Wao walikuwepo."

Alicheka, lakini si kicheko nilichokizoea. Akanyanyuka kabla chungu cha pombe hakijatoka ndani.

Ritongo ikaitishwa, na safari hii nilikaa mbele, kwenye jua, mahali pa mtu anayeulizwa. Wakanipa agizo: nenda ukatae. Nikasema nitakataa au nitakubali nikishaona maji ya kisima hicho, kwa sababu kuna nyumba za upande wa pili wa vilima ambazo wanawake wao wanatembea asubuhi nzima kufika lambo, nao ni watu wa kata. Walinipigia kelele. Matiko akasimama, yeye aliyenitaja siku ya kwanza.

"Tulikutuma kukataa," akasema. "Hatukukutuma kunusa."

Siwalaumu. Wamedanganywa mara nyingi na watu walioanza kwa kusema tutaangalia kwanza. Hata mimi, kama ningekuwa kule kwenye miiba, ningemshuku mtu yule aliyekaa mbele.

Barazani ilikuja supu. Nilipopewa nafasi nilishika nguzo, nikasema kwamba kwetu mwenye kutoa huonja kwanza, basi kampuni ije inywe maji ya kisima chake mbele yetu, na ng'ombe wanywe, halafu tupige kura. Ofisa mmoja kijana akasema maji yanapimwa maabara, si kwa ulimi. Mwenyekiti akatabasamu. Ila watu wa ukuta waliunga mkono kwa kuwa walitaka kuchelewesha, na watu wa madirisha hawakukataa kwa kuwa walijua maji ni mazuri. Hoja yangu ikapita kwa kura zote, jambo ambalo halikuwahi kutokea na lilinitia wasiwasi njia nzima.

Tukaenda. Magari yalipangana chini ya vilima, madiwani wakashuka na viatu vyao safi. Watu wa kata walikuwa wamejaa juu kwenye mawe, kimya, na chini kidogo Matiko na wachungaji wengine na makundi yao. Ng'ombe hawakuwa wamenyweshwa tangu jana. Mtu wa kampuni alikuwa kijana wa Arusha, mrefu, mwenye kofia. Nilitegemea atachungulia kikombe, au atatoa maji yake ya chupa. Hakufanya hivyo. Alisukuma pampu mwenyewe, akajaza kikombe cha bati mpaka juu, akakinywa chote, akageuza kikombe chini ili tuone. Kisha akajaza cha pili akanipa mimi. Nilikunywa. Yalikuwa maji, yana chumvi kidogo tu, kama maji mengi ya huku. Moyoni nilitafuta kosa na sikulipata.

Ng'ombe ndio walibaki. Mtu wa kampuni akajaza birika na kusema waletwe. Wachungaji hawakusogea. Matiko alisimama mbele ya kundi lake, fimbo mkononi, akiwazuia. Ng'ombe wakanusa maji, wakaanza kulia. Aliwapiga puani kuwarudisha, mmoja baada ya mwingine, mwanamume mzima anapigana na ng'ombe wake wasinywe maji. Mtamba mmoja mwekundu akapita chini ya mkono wake akakimbia mpaka birikani, akatumbukiza mdomo. Akanywa, akapumua, akanywa tena.

Diwani mmoja wa madirisha akasema kwa sauti, "Mzee, ng'ombe wako ameshapiga kura."

Wote walicheka. Madirisha walicheka, ukuta walicheka, madereva walicheka. Mimi sikucheka, lakini Matiko alikuwa mbali na hakuweza kuona hilo. Alichoona ni mimi, na kikombe cha kampuni mkononi mwangu, katikati ya watu wanaomcheka. Akamfuata mtamba wake, akamshika sikio, akamwondoa polepole, mdomo bado unadondosha maji.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha kura. Nilisoma rasimu ile na kidole changu tangu mwanzo, wote wakinisubiri na hakuna aliyetania. Juu ya maji sikuwa na neno tena, yalikuwa mazuri. Nilichokitafuta ni kitu kimoja ambacho nilikiona siku ile kisimani na sikukisema: pampu ilikuwa na kufuli. Kijana wa kampuni alikuwa amelifungua kabla hajasukuma, akautia ufunguo mfukoni. Nikashika nguzo.

"Ufunguo utakaa kwa nani?"

Ofisa akajibu kwamba utakaa ofisi ya kambi, kwa usalama wa mitambo. Nikauliza kama unaweza kukaa kijijini. Akasema hilo litajadiliwa baadaye, baada ya sheria kupita. Nikamwambia mwenyekiti kwamba wakiuandika kijijini sasa hivi, ndani ya sheria, mkono wangu ni wa kwao. Waliongea wenyewe kwa wenyewe madirishani kwa muda mrefu. Kisha mwenyekiti akasema tunaendelea kama ilivyo. Walipoitwa wanaokataa, nilinyoosha mkono pamoja na ukuta, na sheria ikaanguka kwa mkono huo mmoja. Mzee Sabai alikuwa mlangoni na sinia. Alikohoa tu.

Mnaweza kufikiri nilirudi nyumbani na kupokewa kwa vigelegele. Nilirudi nikasema ritongoni nilichofanya na kwa nini, neno kwa neno, kama nilivyofanya baada ya kila kikao. Walishangilia lambo, mimi walinitazama. Wa upande wa pili wa vilima walisema nimewanyima kisima. Wa upande wetu walisema nilitaka kuuza, bei ikakataa, ndipo nikasingizia ufunguo. Mtu aliyekataa akitoa sababu hueleweka kidogo kuliko aliyekataa tu. Kampuni ilifunga pampu yake ikaondoka.

Miezi kadhaa baadaye Matiko alimwoza mwanawe. Nilikwenda, nisingeacha kwenda. Nilikaa kati ya watu wa rika letu. Matiko akaja na kibuyu akitupitishia, anakitupa tu mikononi mwa kila mmoja na matusi ya utani, kama tulivyozoea tangu ujana. Alipofika kwangu akasimama. Akakiinua kibuyu, akaonja mbele ya macho yao wote, akajifuta mdomo, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa serikali.

Nilipokea nikanywa. Pombe ilikuwa nzuri, mke wa Matiko hajawahi kupika mbaya. Sikuweza kuhisi ladha yake.

Tangu siku hiyo alinionjea. Msibani, mavunoni, hata maji ya njiani. Niliendelea kuchaguliwa, na nadhani kila mara alinipigia kura, maana alikuwa mtu wa kusema kwamba mbwa anayekushuku wewe atamshuku na mwizi. Lakini kigogo chetu alikiacha, na mchwa wakakila.

Kisima cha kampuni kilikaa na kufuli miaka mingi. Kila bajeti ilipokuja nilishika nguzo nikauliza habari zake, sentensi moja ile ile, mpaka makarani walikuwa wanaiandika kabla sijafungua mdomo. Katika kipindi changu cha mwisho kisima kikakabidhiwa kijiji. Tukaunda kamati ya maji ya wanawake, na ufunguo ukakaa kwao. Zamu sasa iko kwa Mama Robi, anautundika shingoni pamoja na msalaba wake. Upande wa pili wa vilima walianza kuchota. Matiko hakukanyaga pale. Kila siku, akitoka malishoni ng'ambo ya vilima, alipitisha ng'ombe wake kando ya birika kwenda lambo, na lambo lilikuwa linajaa matope mwaka hadi mwaka.

Kiangazi kilichopita lambo lilikauka. Niliwaona kwa mbali, mimi nikiwa nimestaafu na sina la kufanya ila kuona: Matiko amesimama kwenye ukingo wake, ng'ombe wanalamba matope. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akawageuza.

Mama Robi alikuwa amekwenda Ringwani kwa dada yake na ufunguo alikuwa ameniachia mimi. Nilitembea mpaka kisimani nikafika kabla yake, kwa sababu yeye alikuja polepole kuliko ng'ombe wake. Nikafungua kufuli, nikasukuma, nikajaza birika. Ng'ombe walikuja mbio wakanywa, na safari hii hakuna aliyewapiga puani. Matiko akasimama upande wa pili wa birika. Ameota mvi, fimbo ni ile ile.

Nilijiuliza anafikiri nini. Labda kwamba nilikuja ili nimwone ameshindwa. Mimi ningefikiri hivyo. Kikombe cha bati cha kamati kilikuwa kinaning'inia kwenye pampu. Nikakijaza, na kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuwa watu wa kuonjeana kwa miaka yote ile, nikakiinua nikaonja kwanza, halafu nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Hakukipokea. Alikitazama, akanitazama.

"Mura," akasema, "tangu lini sisi tunaonjeana?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na siku, na mahali, na majina ya waliokuwepo. Miaka yote barazani sikuwahi kukosa jibu kwa swali rahisi kama hilo. Niliendelea kumshikia kikombe. Alichukua kikombe, akanywa mpaka chini, akasema maji yana chumvi. Nikamwambia najua. Akanirudishia, nikamjazia kingine.

Hicho sikukionja.